Seneta wa Roma ya zamani alikuwa anapigiwa kura ama vipi?

mwana_wa_langoni
Salaam aleikum nyote. Jana baada ya isha tulikuwa tumekaa Mkunguni mbele ya ngome hapa Amu, mjadala ukawaka. Mwenzetu mmoja akashikilia kwamba seneta wa Warumi alikuwa anachaguliwa na raia kama huyu wetu wa kaunti, mimi nikambishia nikamwambia Roma alikuwako Kaisari tu na amri yake, kura ya nini? Tumebishana mpaka dele la kahawa likaisha na hakuna aliyekubali. Leo tunakutana tena palepale, na mdogo wangu wa sekondari anaipenda sana historia na yuwaniuliza, so nataka kitu cha uhakika. Kwani walikuwa wanapiga kura kweli? Na walichagua nani na nani?

maalim_malindi
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kila mmoja wenu ana nusu yake. Hao makaisari unaowasema walikuja baadaye, Augusto alijiweka imara mwaka 27 KK. Kabla ya hapo karibu miaka 500 Roma ilikuwa jamhuri, wao wenyewe wanahesabu kutoka 509 KK walipomfukuza mfalme wao wa mwisho, na uchaguzi ulikuwa KILA MWAKA, si kila miaka 5 kama sisi.

Lakini seneta hakupigiwa kura. Waliopigiwa kura ni wenye vyeo, na mtu akishashika cheo ndio anaingia seneti, lile baraza la wakubwa, na akiingia anakaa maisha yake yote labda atolewe na sensori. Hao sensori nao walichaguliwa, wawili, kazi yao kuhesabu watu na mali na kuangalia tabia za wakubwa, na haikuwa mchezo manake mwaka 70 KK walifuta maseneta 64 kwa mpigo.

Vyeo vilikuwa kama ngazi, huruki. Unaanza kwestori, huyo ni wa hazina, anashika pesa za serikali. Halafu wengi walipita kwa edili, huyo wa soko, barabara, maji na michezo. Halafu pretori, mambo ya mahakama. Juu kabisa konsuli. Sulla, jemadari aliyeshika Roma kwa nguvu, alipopanga sheria upya mwaka 81 KK makwestori wakawa 20 na mapretori 8, na umri ukawekwa, kwestori miaka 30, pretori 39, konsuli 42. Na makonsuli ni WAWILI, mwaka mmoja tu, na kila mmoja ana uwezo wa kumzuia mwenzake. Hapa ndipo mimi huwa nawasimamisha wanafunzi wangu kabisa, kwamba hawa watu walimuogopa mtu mmoja kukaa juu peke yake kiasi kwamba hata mkubwa kuliko wote walimpa mwenzake wa kumshika mkono.

Mshahara hakuna, so mtu wa kawaida angewezaje? Cicero, yule wakili na msemaji hodari, alifika ukonsuli mwaka 63 KK na kwao hakuna babu aliyewahi kuwa konsuli, na watu walishangaa sana, manake kiti kile kilikuwa kama mali ya familia chache.

bintishela
Maalim shukran lakini umetusahau, wanawake je? Na maskini, kura yake ilikuwa na uzito sawa?

maalim_malindi
@bintishela dadangu, mwanamke hakupiga kura wala hakushika cheo, na mtumwa vilevile. Maskini alikuwa nayo lakini isikie ilivyokuwa. Kwa konsuli na pretori watu waligawanywa mafungu 193 kulingana na mali, na kinachohesabiwa ni kura ya fungu, si ya kichwa. Matajiri wana mafungu mengi yenye watu wachache, wasio na mali kabisa wamejazwa fungu MOJA. Na wanaanza matajiri, wakishapata wingi kura inasimamishwa hapo hapo, mtu ametoka shamba tangu alfajiri anarudi hata hajaitwa. Hii mimi inaniuma kila nikiisomesha.

Kupiga kwenyewe, unapanda kidaraja chembamba cha mbao mmoja mmoja, una kibao kidogo cha nta mkononi unaandika, unatia chomboni. Siri ilianza 139 KK, kabla ya hapo ulisema kwa mdomo na tajiri wako amesimama anasikia. Hata baada ya vibao bado wakubwa walisimama darajani kuchungulia, mpaka mwaka 119 KK mwanasiasa mmoja, Marius, akapitisha sheria madaraja yafanywe membamba, mtu wa pili asipate pa kuweka mguu.

mzee_wa_mkomani
Wanangu hili la wawili wawili lisiwashangaze. Hapa Amu kabla ya Waomani kushika, mui uliongozwa na wazee wa Yumbe, ndilo baraza la mui, na pande mbili za mui, Zena na Suudi, zilikuwa zikipokezana uongozi. Si kura ya kila mtu, ni ya wakuu wa koo, lakini khofu ni ileile, upande mmoja usikae milele. Mdogo wako mueleze na hili pia, asidhani fikra hii ilikuwa ya Warumi peke yao.

mama_samaki
Mimi nimeshikwa na huyo edili wa soko. Juzi nimenunua nguru kilo mbili sokoni, nimefika nyumbani nimempima kwa mizani yangu karibu robo haipo. Sasa kule Roma mtu kama mimi alisaidiwaje?

maalim_malindi
@mama_samaki pole sana mama. Pompeii, ule mji wa Warumi uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK, ilikutwa meza ya jiwe karibu na uwanja wa soko, imechimbwa mashimo ya duara ya ukubwa tofauti na chini yake yametobolewa. Ni kama kibaba na pishi zetu lakini zimechongwa kwenye jiwe hazihami. Unamwaga nafaka yako shimoni, ikijaa sawa unafungua chini, na muuzaji yuko hapo hapo anaona. Vipimo vya soko vilikuwa mikononi mwa edili, na edili wa Pompeii alichaguliwa na watu wa mji wake.

Na @bintishela hii yako, kuta za mji ule zimejaa matangazo ya kampeni yaliyopakwa rangi, waoka mikate wanamtaka fulani, wauza matunda fulani, na mengine yana majina ya wanawake. Kura hawana, lakini waliandika.

mwana_wa_langoni
Nimeandika yote daftarini wallahi. La mwisho maalim, mnyonge akionewa na konsuli mwenyewe, alikimbilia wapi?

maalim_malindi
Kwa tribuni. Hao walichaguliwa na raia wa kawaida peke yao, walipatikana mwaka 494 KK kwa hesabu yao, wananchi walipochoka na madeni wakahama mji wakaenda kukaa mlimani mpaka wakubwa wakawafuata. Baadaye wakawa 10. Neno lao ni moja, "veto", yaani nakataza, na amri ya konsuli inasimama. Kumgusa tribuni mwilini ilikuwa ni haramu kabisa. Na yeye alikuwa na masharti yake, haruhusiwi kulala nje ya mji, na mlango wa nyumba yake haufungwi mchana wala usiku, mtu aliyeonewa saa nane za usiku asije akakuta komeo.