Ukoo wa Babu Zakayo

Shangazi Tabitha, 18:40
Bwana asifiwe wapendwa. Jumamosi saa kumi, kwa Babu, WOTE. Kijana wetu Baraka siku hizi anasema hakuna kweli, kila mtu ana yake. Elisha ataanza, mimi nitamalizia. Neno linatuagiza: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye." 1 Petro 3:15. Andikeni "nipo".

Shangazi Tabitha, 18:58
Naona mmesoma. "Nipo" sizioni.

Baraka, 19:03
Shikamoo shangazi. Na mimi niandike?

Neema, 19:03
😂😂😂😂

Ba'mdogo Elisha, 19:05
Dada, si ulisema utafungua kikundi kingine?

Shangazi Tabitha, 19:06
Marahaba Baraka. Heri umejisomea mwenyewe. Swali moja tu. Ukisema hakuna kweli ya wote, hilo nalo ni kweli kwa wote au kwako tu?

Baraka, 19:10
Msemo huo unajikaba koo, najua, na sikuusema. Nilisema sijui nani ameishika. Kila dini inasema ni yenyewe. Wale vipofu na tembo: aliyeshika mkia anasema kamba, aliyeshika mguu anasema nguzo.

Ba'mdogo Elisha, 19:14
Na anayesimulia je? Yeye anaona. Asingeona angejuaje kuwa ni tembo?

Baraka, 19:15
Hapo umenipata ba'mdogo.

Neema, 19:15
Sasa kwenye ukoo huu tembo ni nani 🐘👀

Shangazi Tabitha, 19:16
Neema, hatutanii hapa.

Ba'mdogo Elisha, 19:21
Tena Paulo hakujificha. Amesema kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Akataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona, wengi wakiwa bado hai. Maana yake nendeni mkawaulize.

Baraka, 19:26
Katika hao 500 hakuna hata mmoja tuliye na maandishi yake, tunaye Paulo anayewataja. Kusulubiwa sina ubishi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, hakuwapenda Wakristo, lakini ameandika kuwa Kristo aliuawa chini ya Pilato. Ila kutoka hapo hadi kaburi tupu ni mwendo.

Ba'mdogo Elisha, 19:29
Ni mwendo, sikatai. Ila wanafunzi walikimbia usiku ule. Nini kiliwarudisha? Mtu anaweza kufia uongo alioambiwa. Kufia aliotunga mwenyewe, sijui.

Baraka, 19:31
Hilo naondoka nalo. Kwa sasa niko na Pilato: "Kweli ni nini?"

Shangazi Tabitha, 19:32
Pilato aliuliza akatoka nje. Hakungoja jibu!!

Ba'mdogo Elisha, 19:34
Na kuna kipande cha mafunjo cha Injili ya Yohana, kiko maktaba ya John Rylands, Manchester. Hakizidi kiganja, na ni katika vya kale kabisa vya Agano Jipya. Mistari yake ni hiyo hiyo ya Yesu mbele ya Pilato.

Baraka, 19:41
Mafunjo ya Pilato yamedumu zaidi ya miaka 1,700. Daftari la michango ya matibabu ya baba halikudumu hata sita. Mimi nilingoja jibu, shangazi. Bado nangoja.

Shangazi Tabitha, 19:42
Hayo si ya hapa.

Baraka, 19:42
Kweli ya wote, shangazi.

Shangazi Tabitha, 19:44
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Neema, 20:02
Bwana asifiwe. Nipo. Ni Jumamosi ipi?

Neema, 20:02
Mama soma juu. Au basi, usisome.

Babu, 20:31
Tabitha mwanangu. Mstari wa Petro umeukata. Umalizie

Shangazi Tabitha, 20:44
"...habari za tumaini lililo ndani yenu. Lakini kwa upole na kwa hofu."

Babu, 20:52
Uje na daftari. Baraka uje na maswali yako usiyafiche. Mimi nami ninalo moja tangu tumzike baba yako

Ba'mdogo Elisha, 20:53
Sawa baba.

Baraka, 21:10
Nitakuja Babu. Ila Jumamosi niko zamu hadi usiku. Jumapili jioni?

Shangazi Tabitha, 21:15
Jumapili jioni nina kwaya. Nitaangalia. Daftari nalo nitaangalia, tulihama na vitu vingi.

Baraka, 21:16
👍

Binamu Yusufu, 23:48
Nipo Jumamosi 🙏 Kuna nini?