Beetle 1600: injini ikipata moto, taa ya oili inawaka kwenye sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta). Nifungue injini?

Mgosi_wa_Korogwe

Wakuu, habari za jioni. Nina Beetle ya 1974, injini 1600, niliachiwa na mjomba. Asubuhi ikiwa ya baridi haina neno, taa ya oili inazima mara tu injini inapokamata. Shida huanza ikishapata moto. Nikitoka Korogwe kuja Tanga mjini, njia nzima iko safi, ila nikisimama kwenye mataa ikabaki sailensa, ile taa inaanza kupepesa, halafu inawaka moja kwa moja. Nikigusa mafuta kidogo inazima. Haigongi wala haitoi moshi.

Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza kapandisha sailensa, taa ikapotea, akasema kazi imeisha. Nimeirudisha, maana gari lilikuwa linanguruma kama trekta. Wa pili anataka kufunga pampu kubwa ya oili. Wa tatu kasema mein beringi (zile zinazoshika kranki) zimekwisha, injini itolewe, tupige ovahoo. Bei aliyotaja tuiache. Wenye uzoefu na hizi injini zinazopoozwa kwa hewa, nianzie wapi?

Dereva_Tulivu

Uza, chukua Passo, ulale usingizi.

Mgosi_wa_Korogwe

Mkuu, hili ni la urithi. Haliuzwi.

Mzee_Plagi_Nne

Mgosi, usimlipe mtu bado. Ile taa si geji. Swichi yake, iliyoko upande wa distribyuta, huwasha taa presha inaposhuka mahali fulani kati ya 2 na 6 psi (kipimo cha presha), kutegemea swichi yenyewe. Na injini hii ikiwa ya moto, kwenye sailensa, 7 psi tu inahesabika inatosha. Maana yake hata Beetle nzima huishi karibu sana na pale taa inapowakia. Swichi mbovu inaweza kukutoa jasho bure, na swichi nzima inaweza kuwa inakwambia kweli. Utazitofautisha kwa geji.

Toa swichi, funga geji ya presha yenye mpira, endesha mpaka oili ipate moto sawasawa, kisha soma mara mbili: kwenye sailensa, na kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Hiyo ya 2500 ndiyo yenye maana. Kwa oili ya SAE 30 yenye joto la nyuzi 70, injini nzuri hutoa kama 42 psi, na 28 ndiyo mwisho wa kuchakaa. Ikifika 28 au zaidi, sailensa isikunyime usingizi sana.

Angalizo: tundu la swichi lina hesi za milimita 10 zinazofinyika kuelekea ndani. Geji nyingi za dukani zina hesi za inchi, ile moja ya nane. Tafuta kiungio. Fundi akikwambia "itaingia tu", mnyang'anye spana, kwa sababu kesi (ganda la injini) ni ya magnesiamu na hupasuka.

Binti_Spana

Mzee shikamoo. Naongeza. Mgosi, oili gani iko ndani? Injini hii inachukua lita 2.5 tu, na oili hiyo kidogo inafanya pia kazi ambayo magari mengine yameachia maji ya rejeta. Watu wanaweka oili nyepesi za magari ya kisasa halafu wanashangaa. Kwa joto la Tanga weka 20W-50 au SAE 30, basi.

Chini ya injini upande wa kushoto kuna skrubu mbili kubwa zenye mfereji, moja upande wa puli na nyingine upande wa flaiwili. Injini za kabla ya 1970 zilikuwa na moja. Ndani ya kila moja kuna pistoni ndogo na springi, ndizo valvu za presha. Pistoni ikikwama wazi, oili inakimbia njia ya mkato na presha inaanguka, hata beringi ziwe mpya. Zitoe, zioshe, hakikisha zinateleza zenyewe. Springi hazilingani, usizibadilishane.

Kisha fungua boneti ya nyuma. Zile raba zinazoziba pembeni mwa injini zipo? Bati zote zipo? Nimeona Beetle nyingi ambazo bati zilitolewa na fundi kwa kuwa "zinazuia hewa". Ndizo zinazoielekeza hewa kwenye silinda. Bila hizo feni inavuta tena hewa ya moto kutoka chini, oili inakuwa maji.

Kichwa_Silinda

Mnamzungusha bure. Pampu ya gia za milimita 30, taa inazima siku hiyohiyo. Mimi nimefunga, natembea.

Mzee_Plagi_Nne

Kichwa, taa itazima, sikatai. Lakini kama oili inavujia kwenye nafasi za beringi, pampu kubwa inasukuma nyingi zaidi ipotee palepale, na asubuhi ikiwa nzito inaweza kutoboa sili za kula ya oili (kipoozeo chake). Pampu ya zamani ifunguliwe kwanza, ikaguliwe kifuniko. Gia zikiwa zimechimba mfereji kwenye kifuniko, hapo badilisha, tena saizi ileile.

Mgosi_wa_Korogwe

Wakuu, nimerudi. Kiungio nimechongesha. Oili ikiwa ya moto: 2500 inasoma 23, sailensa 4. Kwa hiyo swichi haina kosa. Pistoni zote mbili zinateleza. Raba za pembeni hazipo kabisa, nimeagiza. Kilichonishangaza ni kijiti cha oili: kimepanda juu ya alama wakati sijaongeza chochote, na kinanuka petroli.

Mzee_Plagi_Nne

Basi vipimo vyako bado havihukumu beringi, kwa sababu umepima oili iliyozimuliwa. Ama diaframu (utando wa ndani) ya pampu ya petroli imechanika, ama sindano ya kabureta haifungi na petroli inashuka gari likiwa limelala. Usiliendeshe hivyo. Maliza hilo, mwaga oili, fungua sampu (kifuniko cha chini ya injini) usafishe chujio. Ukikuta chembe zinazong'aa kwenye chujio, nipigie picha.

Jaza mpya, pima upya. Ikibaki chini ya 28, shika puli uivute na kuisukuma. Kranki inatakiwa icheze milimita 0.07 hadi 0.13, ikipita 0.15 yule fundi wa tatu yuko sahihi. Hapo kesi ikapimwe pia, hasa kiti cha beringi ya pili, usije ukaweka beringi mpya kwenye tundu lililotanuka.

Binti_Spana

Nati sita za sampu kaza kwa 7 Nm tu, stadi zake (bolti zilizopandwa kwenye kesi) hung'oka kirahisi. Na ukinunua pampu ya petroli mwambie muuzaji kama injini yako ni ya dainamo au ya altaneta (kile kinachochaji betri). Kijiti kinachosukuma pampu ya dainamo ni milimita 108, cha altaneta ni 100. Ukichanganya kirefu na pampu ya altaneta, diaframu mpya inachanika nayo.