Kaftani ya Kituruki ya karne ya 16: satini inajikunja kwenye mapambo

Fundi_Nyegezi: Wakuu, kuna kaftani ya jukwaani ya enzi za Milki ya Osmani, mvaaji ana sm 170. Satini nyekundu, upana sm 150. Mapambo ni yale maduara matatu na mawimbi mawili. Vipande nikivishona kwa zigizaga, satini inajikunja pembeni ya duara na kingo zinachambuka nyuzi. Dawa yake? Na ninunue mita ngapi?

bitana_kirumba: Kata kama kanzu, usitumie patani ya gauni. Badani (kipande cha kiwiliwili) ya nyuma sm 60, za mbele mbili sm 32 kila moja, urefu sm 145. Taharizi (vipande vya ubavuni vya kupanua chini) nne za sm 95 zianzie kiunoni: juu sm 5, chini sm 35. Mikono sm 50 kwa 50, vikwapa (vipande vya kwapani) sm 12 kwa 12. Ukipanga taharizi kichwa kwa miguu, mita 2.5 zinatosha.

Mikunjo inatokana na satini kubeba mishono mizito ikiwa peke yake. Weka bafta (kitambaa chepesi cha pamba) nyuma ya badani, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kila sm 6, ndipo upambe, kabla hujaunganisha chochote. Vipande navyo vibandike kwenye bafta nyepesi kwa uji mzito wa wanga wa muhogo. Paka kwenye bafta, siyo kwenye satini, na upake kidogo. Ukilowanisha, doa litatokea upande wa mbele. Acha vikauke kabisa vikiwa vimelazwa (msimu wa mvua huku ziwani, lala navyo hadi kesho) ndipo ukate. Kingo hazitachambuka.

Makoroboi75: Hapo kwenye kichwa kwa miguu sikubali. Satini ikigeuzwa inang'aa tofauti, taa za jukwaani zitaonyesha taharizi kama za jora jingine. Zote zielekee upande mmoja. Nunua mita 3. Hata vipande vya mapambo vifuate mlalo wa nyuzi za badani, la sivyo vitavutana.

Bafta ya bitana ifue kwanza. Ikirudi baada ya kushonwa, pindo lote linapanda.

Fundi_Nyegezi: Shukrani. Na kingo nizimalize kwa zigizaga ileile?

bitana_kirumba: Hapana, hiyo ndiyo inayoharibu sura. Shikiza kipande kwa mkono, kisha laza kamba ya zari (nyuzi za rangi ya dhahabu) juu ya ukingo na uifunge kwa uzi mwembamba wa manjano kila mm 3 au 4. Kamba haipiti ndani ya kitambaa. Ncha zake tu, ukiacha sm 2, zivute nyuma kwa sindano nene. Usiikaze, ukiikaza mikunjo inarudi. Duara kubwa sm 9, la ndani sm 6 lisogezwe hadi karibu na ukingo ili libaki umbo la mwezi mwandamo.

Kingo za mbele na pindo: sijafu (ukanda wa kumalizia ukingo) ya satini ya rangi nyingine, pana sm 8, iliyokatwa mshazari. Pasi ipite upande wa nyuma, juu ya taulo, isiguse zari.