Vitabu vya kale vya majumbani na vya maktaba: tuvifungue tuvisome, au vifungiwe?

Mwanzisha Mada

Wadau, naomba tujadili hili bila matusi. Kuna familia ya Gerezani, majirani wa zamani, imegawanyika kwa sababu ya kasha la vitabu aliloliacha marehemu babu yao. Ndani mna msahafu ulioandikwa kwa mkono, tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Mambo Leo, lile jarida la zamani, za miaka kadhaa zilizojalidiwa pamoja. Mtoto mmoja wa marehemu anataka kasha liende Mlimani, Chuo Kikuu, ambako tangu enzi za J.W.T. Allen, Mwingereza aliyekusanya miswada ya Kiswahili, kuna hazina ya miswada ya aina hiyo. Wa pili anasema asiliguse mtu mpaka apatikane mtaalamu. Wa tatu hakungoja kikao: alichomoa kurasa kadhaa akazipeleka steshenari, zikapigwa laminesheni.

Swali langu ni pana kuliko kasha hilo. Vitabu vya kale, vya majumbani na vya maktaba za umma, mtu wa kawaida aruhusiwe kuvifungua? Mimi nasema aruhusiwe. Wanaokimbilia kukiokoa kitabu wanakiumiza kuliko msomaji aliyefundishwa kukaa nacho. Na kukifungia kabatini hapa Dar hakukisaidii. Unyevu wa hewa yetu kwa wastani unapita asilimia 70, na ukungu huanza kustawi ukizidi 65 hivi. Kitabu kisichofunguliwa hakuna anayejua kinaoza lini.

Karani Mstaafu

Salamu, mwanzisha mada. Naona unawaamini wasomaji kuliko mimi niliyekaa nao chumba kimoja. Mpe mtu kitabu uone. Kwanza anakivuta rafuni kwa kidole kichwani mwa mgongo, na ngozi ya hapo juu ndiyo huanza kuchanika. Akishakaa analamba kidole afunue ukurasa. Halafu anakilaza mezani na kukikandamiza kwa kiganja kilale bapa, na gundi iliyokauka tangu kabla ya Uhuru inapasuka unaisikia. Mwisho anatoa kalamu ya wino na kuandikia juu ya ukurasa ulio wazi.

Hizo Mambo Leo ndizo zinazonitia hofu zaidi. Jarida lilianza kutoka hapa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya idara ya elimu ya serikali ya Mwingereza. Majarida na magazeti mengi ya zama hizo yalichapwa kwenye karatasi ya mbao zilizosagwa. Tindikali imo mwilini mwa karatasi yenyewe, inaila mwaka hadi mwaka hata usipoigusa. Ukikunja ncha inavunjika kama papadi.

Halafu kuna mali ya umma. Faili za utawala wa Kijerumani zilizoko Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Kitu cha daraja hilo si cha kila mwenye hamu kukipekua. Msomaji apewe nakala, na asili imtokee mwenye sababu iliyoandikwa.

Mpenda Tenzi

Si wavae glavu nyeupe tu? Kwenye televisheni kila anayeshika kitabu cha kale kavaa glavu. Tatizo limekwisha.

Fundi Jalada

Mpenda Tenzi, glavu ni za kamera hizo. Mimi najalidi vitabu, niko Kariakoo, na nakwambia ukishavaa kitambaa vidoleni huisikii tena karatasi. Unashindwa kujua umeshika ukurasa mmoja au mitatu, na nyuzi za pamba zinanasa penye mpasuko zinauvuta. Maktaba ya Uingereza kule London wanataka mikono iliyonawa ikakauka, wanaacha glavu kwa picha za zamani na vitu vya madini. Mwaka 2005 wahifadhi wawili wa Marekani, Cathleen Baker na Randy Silverman, waliandika makala ndefu kupinga mazoea haya ya glavu nyeupe.

Isipokuwa hapa: ukikutana na jalada la kitambaa la karne ya 19, kijani cha kung'aa, kutoka Ulaya, vaa glavu za mpira. Rangi hiyo baadhi ya viwanda viliitengeneza kwa aseniki. Jumba la makumbusho la Winterthur huko Marekani lina mradi wa kuvisaka vitabu hivyo tangu 2019, na mwaka 2024 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilitoa vinne rafuni. Hapo glavu inamlinda mtu, kitabu hakihusiki.

Kufungua kwenyewe kuna ufundi wake, na hauhitaji mashine. Kunja taulo mbili ziwe mito, moja chini ya kila jalada, mgongo ukae bondeni katikati. Kifungue mpaka kinapoanza kukataa, basi, hata kama ni pembe ya kona tu ya ukuta. Vingi havitaki zaidi ya hapo. Ukurasa ushike kwenye ncha ya juu upande wa nje, kisha pitisha kiganja chote chini yake uubebe kwenda upande wa pili. Usiuvute kwa ncha. Ukurasa usipotulia, usiubane kwa kiwiko. Shona mfuko mwembamba wa khanga iliyochakaa, utie shanga za kioo, uulaze kwenye pambizo. Wako wanaotia mchele, nao wanaita wadudu. Kuandika ni kwa penseli tu. Chai ibaki chumba kingine.

Ukurasa uliofubaa usiusogezee jua. Zima taa, washa tochi ya simu, uilaze pembeni mwa karatasi ili mwanga upite juu juu. Mistari iliyofutwa na makovu ya kalamu vinanyanyuka vyenyewe. Kisha weka mwanga hafifu nyuma ya karatasi uone alama ya maji, yaani chapa iliyotiwa ndani ya karatasi ilipotengenezwa. Karatasi za Italia zenye hilali tatu zilisambaa sana katika nchi za Kiislamu, na ukiziona umeshapata fununu ya karatasi ilikotoka.

Karani Mstaafu

Fundi, umesema kweli tupu, na umenisaidia hoja. Maelekezo yote hayo nani atasimama nayo mbele ya kila msomaji? Maktaba ina wahudumu wangapi?

Ustadhi wa Ilala

Assalaam alaykum. Suala la mikono misafi kwetu halikuanzia London. Msahafu haushikwi ila kwa udhu, hauwekwi chini, na wazee waliusomea juu ya marufaa, ile stendi ya mbao yenye umbo la X. Itazameni vizuri: inakizuia kitabu kisilale bapa. Adabu na uhifadhi vilikuwa kitu kimoja.

Lakini niseme na linaloniuma. Msahafu ukichakaa, desturi ni kuuzika mahali pasafi au kuuchoma ili majina ya Mwenyezi Mungu yasikanyagwe. Heshima hiyo ni haki. Ila wapo wanaokusanya kila karatasi kuukuu yenye herufi za Kiarabu, wakidhani yote ni Qur'ani, wanazika. Humo zinakwenda tenzi, barua za biashara, hati za viwanja, mapishi ya dawa, vyote kwa Kiswahili. Mkisema vitabu vifungiwe visisomwe, mnaongeza idadi ya watu wasioweza kutofautisha, na mashimo yatazidi. Kwa hilo niko na mwanzisha mada.

Mpenda Tenzi

Ustadhi, umenifungua macho. Bibi yangu alikuwa na mfuko wa makaratasi hayo. Haupo tena.

Mjukuu wa Kipata

Mnazunguka, jibu lipo mifukoni mwenu. Pigeni picha. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kwa programu ya Maktaba ya Uingereza ya kumbukumbu zilizo hatarini, vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Na kumbukeni tarehe 18 Aprili 2021: moto ulishuka kutoka Table Mountain ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Kilichonusurika moto kikaloweshwa na maji ya zimamoto ghala la chini. Ambacho hakikuwa na nakala kimekwenda. Sisi na umeme wetu wa kukatika na nyaya za kuungaunga tunangoja nini?

Fundi Jalada

Picha ndiyo, ila si kopi. Mashine ya fotokopi inakutaka ukigeuze kitabu kifudifudi na kukikandamiza juu ya kioo. Vitabu vingi vinavyofika kwangu mgongo umevunjika katikati, penye sura inayopendwa na walimu, vimetoka huko. Simu inapiga kutoka juu, kitabu kikiwa kwenye taulo zake. Dirisha lenye kivuli linatosha, flashi izimwe.

Mpenzi wa Miswada

Naafiki picha, nakataa picha kuwa mwisho wa habari. Picha ya utenzi inakupa maneno. Haikuonyeshi mshono, haikuonyeshi kwamba kurasa fulani ni karatasi nyingine zilizopachikwa baadaye, wala doa la mafuta ya taa linalokuambia kilisomwa usiku na kusomwa sana. Utenzi wa Tambuka, ule utenzi mkongwe wa Kiswahili, una nakala iliyoko Hamburg, Ujerumani, ambayo ndani yake umetajwa mwaka 1728. Mtaalamu huitaka yenyewe aitazame pamoja na kwamba maneno yake yameshachapwa. Kwa nini sisi tuambiwe picha zinatutosha kwa vilivyo vyetu?

Msomi wa Fizikia

Dunia imeshafika mbali zaidi. Gombo lililoungua la En-Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, lilisomwa bila kufunguliwa: walilipitisha kwenye eksirei ya pande zote, kompyuta ikalikunjua, yakatoka maneno ya Mambo ya Walawi. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2016. Kwa hiyo hoja ya "kisubiri mtaalamu" si ya kipuuzi. Kisichofunguka leo kitafunguka kesho.

Mwanzisha Mada

Mkuu, hilo gombo lilikuwa mkaa mtupu, hakuna kidole ambacho kingelifungua. Kasha la Gerezani linafunguka. Tukisubiri mashine hizo, mchwa hawasubiri.

Nirudi kwa Karani, maana hoja yake ndiyo nzito. Ni kweli wahudumu hawatoshi. Ila nani kakuambia kufungia ni bure? Chumba kilichofungwa kinataka kiyoyozi usiku na mchana. Kikiwashwa asubuhi kikazimwa saa kumi, ngozi na karatasi zinavimba na kusinyaa kila siku, na hilo ni baya kuliko joto lililotulia. Heri feni, madirisha mawili yanayotazamana, rafu isiyogusa ukuta, na mtu anayepitia vitabu mara kwa mara. Huyo mtu anaweza kuwa msomaji. Yeye ndiye wa kwanza kuona unga wa wadudu umeanguka rafuni. Kitabu chenye wadudu kifungwe kwenye nailoni isiyopitisha hewa, kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, kisha kiachwe kipoteze baridi kabla nailoni haijafunguliwa. Hakuna sumu ya kupuliza, hakuna kuanika juani.

Binti Upanga

Samahani kuingilia, kaka zangu. Mbona hamgusi jambo ambalo familia zinalizungumza ndani? Hatuogopi ukungu, tunaogopa kutoa. Kitabu kinakwenda taasisi, mwaka wa pili ukiulizia unaambiwa anayehusika kahama. Andikeni mkataba: picha zinabaki kwa familia, jina la ukoo linaandikwa kwenye orodha, na ndugu anaruhusiwa kuingia kusoma bila barua tatu.

Karani Mstaafu

Hilo la mkataba nakubali, na lingekuwepo zamani tungepokea mengi. La kuruhusu kila mtu bado nakataa. Niko tayari kwa hili: msomaji mpya aanze na kitabu cha kawaida kisicho na thamani, mbele ya mhudumu, nusu saa. Akiweza taulo na kiganja, apewe cha kale. Asiyeweza asome picha. Na Mambo Leo zilizokauka hazitoki kwa yeyote, iwe waziri iwe profesa, mpaka zimepigwa picha.

Mwanzisha Mada

Nusu saa naikubali. Mambo Leo tutabishana: ukishapiga picha, kwa nini asili isitoke hata kwa anayechunguza karatasi yenyewe?

Familia imeniuliza kuhusu kurasa zilizopigwa laminesheni. Fundi, zinaweza kutolewa?

Fundi Jalada

Waziache. Plastiki ile inagandishwa kwa joto linalopita nyuzi 100, na gundi yake imeshazama kwenye karatasi. Ukibandua unaondoka na wino. Wasikate kingo zake, wasizirudishe kitabuni kwa sababu ugumu wake utazikata kurasa za jirani. Wazitie kwenye bahasha peke yake, waandike kwa penseli juu ya bahasha zilitoka wapi kitabuni, kati ya ukurasa upi na upi. Na yule ndugu aulizwe kama zipo nyingine bado kule steshenari.

Karani Mstaafu

Aulizwe leo.