Mshale mwepesi wenye kasi au mzito unaopenya? Leteni hoja

Podo_Jipya
Wakuu, naomba msaada. Upinde wa magurudumu, nguvu ya kuvuta paundi 60, mvuto wangu (urefu ninaovuta uzi) inchi 28. Mshale mzima pamoja na kigumba una greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) na unatoka kwa mita 85 kwa sekunde. Kwa kuwinda wanyama wenye mbavu nene naambiwa nipande hadi greni 500. Wengine wanasema nisiguse kitu, kasi ndiyo kila kitu. Nimsikilize nani?

Kigumba_Kizito
Panda. Upinde huo huo ukiupa greni 500 utautoa kwa mita 72 na ushee. Sasa piga hesabu. Mwepesi ni gramu 22.7, unabeba jouli 82. Mzito ni gramu 32.4, unabeba jouli 85. Kwa nishati ni pacha. Lakini momenta, yaani uzito mara mwendo bila kuzidisha mwendo kwa mwendo tena, mzito unamwacha mwepesi kwa zaidi ya asilimia 20, na hiyo ndiyo inayoendelea kusukuma kigumba kikishagota kwenye ubavu. Isitoshe, mwepesi hewa inaula kasi mapema. Kasi ni kimbilio la wasiojua kukadiria umbali. Na kwa kuwa mshale mzito unaanguka haraka, utakufundisha nidhamu ya kusogea karibu.

KasiKwanza
"Wasiojua kukadiria umbali." Haya, tumesikia. Mnyama huwa anasimama kwenye kibao kilichoandikwa mita ngapi, mzee?
Chukua umekadiria mita 40, kumbe ni 44. Kosa la kawaida kabisa, hasa jioni au ukivuka korongo. Mshale wa mita 85 kwa sekunde utapiga chini kwa sentimita 12 hivi. Wako wa mita 72.5 utapiga chini kwa sentimita 16 na nusu. Sentimita nne na nusu kwenye ukingo wa mapafu ndiyo tofauti ya kumpata na kumjeruhi. Hiyo momenta yako itapenya vizuri sana kwenye majani.

Mwalimu_wa_Zamu
Samahani kuwakatiza. Kigumba_Kizito umeandika "mshale mzito unaanguka haraka". Hapana. Mvuto wa dunia haumjui mzito wala mwepesi, vyote vinashuka kwa kanuni moja tangu sekunde vinapoacha uzi. Mzito unachelewa kufika, basi. Ukikaa hewani muda mrefu zaidi, unashuka zaidi.

Kigumba_Kizito
Mwalimu, ndicho hicho hicho. Kwenye mita 30 mmoja umeshuka sentimita 61, mwingine 84. Kwa lugha ya watu huo wa pili umeanguka haraka.

Mwalimu_wa_Zamu
Kwa lugha ya watu umeanguka ZAIDI. Haraka ni kitu kingine. Toa mshale mmoja mezani uudondoshe, toa na mwingine wenye uzito mara mbili, vitagusa sakafu pamoja.

Kigumba_Kizito
Anayewinda kwa kudondosha mishale mezani na aje atuonyeshe.

Tumbusi
Mnabishana bure, mshale ukitoka kwanza unapanda. Kila mtu anajua.

Mwalimu_wa_Zamu
Tumbusi, unapanda kwa sababu umeuelekeza juu. Pini za kulengea zimekaa kama sentimita 10 juu ya mshale, na upinde umeinuliwa kidogo ili mstari wa mshale uukate mstari wa jicho. Hauna mabawa ya kujiinua.

Tumbusi
Kwa hiyo unapanda. Asante kwa kukubali.

Dada_Mlengaji
Hiyo ya kupanda ina maana kubwa kuliko utani wenu, ila hakuna aliyeimalizia. Ukiwa umelenga mita 30, katikati ya safari mshale mzito unapita kama sentimita 16 juu ya mstari wa jicho, mwepesi kama 10. Kitawi ambacho kwenye pini hukioni kabisa, mshale unakikuta. Kabla ya kuachia, weka pini ya mita 30 juu ya mnyama, kisha tazama ile pini ya umbali wa nusu ya safari imekaa wapi. Ikiwa imekaa juu ya tawi lililo kwenye umbali huo, mshale utagonga tawi.
Na aliyepanda mtini akapata mnyama wa mita 3 tu chini yake asitumie pini ya juu, ile ya umbali mfupi. Hapo mshale bado uko chini ya mstari wa jicho, kwa hiyo pini ya mbali, ya 30 au hata 40, ndiyo inayokaribia ukweli. Jaribuni kwenye gunia kabla ya msimu.

FundiUzi
Mmeandika yote hayo na hakuna aliyemwuliza kijana kama mshale wake unaruka umenyooka. Mshale unaotikisa mkia ukifika kwenye ubavu unaingia kwa upande. Nguvu inaishia kwenye kupinda uti, yaani kijiti cha mshale, badala ya kusukuma kigumba, na hapo greni 500 au 350 zote ni kazi bure.
Tega karatasi kwenye fremu, simama mita 2, piga mshale wenye manyoya upite. Tundu la duara lenye alama tatu za manyoya ni zuri. Mpasuko ukionyesha mkia umepita juu ya ncha, pale unapopachika mshale kwenye uzi pako juu mno, au kikalio cha mshale kiko chini. Sogeza kidogo, milimita moja moja, piga tena. Ukimaliza hapo, piga kigumba cha kuwindia na ncha ya mazoezi yenye uzito ule ule kwenye gunia la mita 20 na 30. Vikiachana, upinde haujakaa. Usisogeze pini ili kuficha ugonjwa.
Jambo la pili: mwepesi wenye kasi na kigumba cha blade zisizokunja huonyesha kosa hilo mara tatu zaidi, kwa sababu blade zinafanya kazi kama bawa mbele ya mshale.

KasiKwanza
"Mara tatu" umepima kwa mizani gani, fundi?

FundiUzi
Futa "mara tatu", weka "wazi zaidi". Haya, rekebisha karatasi yako.

KasiKwanza
Tuache karatasi. Hakuna aliyegusa suala la mnyama kusikia uzi. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Mshale wowote wenu ni konokono.

Mwalimu_wa_Zamu
Hapo sawa, na kwa bahati ni mvuto wa dunia ule ule mnaoukimbia. Mita 25: sauti inafika kwa sekunde 0.07. Mshale mwepesi unafika 0.29, mzito 0.345. Tuseme mnyama anashtuka sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kusikia, kisha anaachia miguu ili ajikunjie kuruka. Anashuka kama jiwe, si haraka kuliko jiwe. Mwepesi unamkuta ameshuka sentimita 7. Mzito unamkuta ameshuka karibu 15. Mapafu yanabaki chini, mshale unapita mgongoni.

Kigumba_Kizito
Umesahau kwamba mshale mzito unanyamazisha upinde. Nishati ambayo mshale mwepesi hauwezi kuibeba inabaki kwenye mikono ya upinde na uzi, ndiyo ile kelele na mtetemo. Kwa hiyo mnyama wangu hashtuki.

KasiKwanza
Hashtuki KABISA? Umemwuliza?

Dada_Mlengaji
Nyote wawili mmeshika nusu. Mzito unapunguza kelele, haufuti. Vipande vya mpira kwenye uzi vinasaidia, mishale mingine iliyokaa podoni isiyogongana inasaidia, skrubu ya pini isiyolegea inasaidia. Mnyama aliyeinua kichwa na kukaza masikio atashuka hata ukiwa na mita 90 kwa sekunde. Huyo mwache, au lenga theluthi ya chini ya kifua, si katikati.

Tumbusi
Mbona hakuna aliyetaja Ashby, yule mtafiti wa kupenya kwa mishale? Greni 650, mwisho wa mjadala.

KasiKwanza
Nilikuwa nahesabu dakika kabla 650 haijatajwa.

Kigumba_Kizito
Inakuuma kwa sababu ni kweli.

Dada_Mlengaji
Ashby alizungumzia 650 kama kizingiti cha kuvunja mfupa MZITO, na sehemu kubwa ya majaribio yake ilikuwa kwa nyati wa Australia. Hakusema kila paa apigwe kwa nondo. Tena 650 haikuwa ya kwanza kwenye orodha yake. Kwanza mshale wote usivunjike, pili uruke umenyooka. Watu wanaruka hayo, wanakimbilia namba.

Tumbusi
Dada, usimwite mshale wangu nondo.

FundiUzi
Na wembe jamani. Kigumba kipya kutoka pakitini si lazima kiwe kikali. Tandaza mpira mwembamba wa kufungia karatasi, uvute kidogo tu, gusisha blade bila kukandamiza. Ukikatika, sawa. Ukikwama au ukinesa, rudi kwenye jiwe. Blade butu inasukuma mshipa pembeni badala ya kuukata, na hapo damu ya kufuatia haipatikani. Blade tatu zilizokaa sawa unalaza mbili kwa pamoja kwenye jiwe, unazungusha. Blade mbili ni pembe moja upande kwa upande, malizia kwenye ngozi.

KasiKwanza
Kwa hilo tu nakubaliana na fundi. Nilitamani nisikubaliane.

Mwalimu_wa_Zamu
Kwa kumbukumbu, bado hakuna aliyefuta "unaanguka haraka".

Kigumba_Kizito
Na hakuna atakayefuta.

Podo_Jipya
Wakuu, nimesoma yote. Sasa ni 350, 500 au 650? Nikiweka tu kigumba cha greni 200 kwenye mishale niliyonayo, si napata uzito bila kununua kitu?

FundiUzi
USIFANYE hivyo. Uti wa mshale wako wa greni 350 kwa vyovyote ni mwepesi, na kama namba yake ya ugumu ni 400, hiyo ni kwa kigumba cha greni 100. Ukizidisha uzito mbele, uti unapinda zaidi unapotoka, yaani umekuwa laini. Kumbuka namba ndogo ndiyo ngumu: 340 ni mgumu kuliko 400. Ukiweka 200 mbele utaona kwenye karatasi mpasuko usiotibika kwa kusogeza chochote.
Nunua uti wa 340 wenye greni 9.5 kwa inchi. Inchi 28 ni greni 266. Manyoya matatu na kipachiko cha nyuma, 26. Kishikizo cha shaba cha ndani, kinachoshika kigumba, 50. Kigumba, 100 au 125. Jumla inakuwa 442 au 467, na upinde wako utautoa kwa mita 76 au 75. Kishikizo kigundishe kwa gundi ya epoksi, futa ndani ya uti kwa spiriti kwanza, zungusha unapokiingiza ili gundi isambae, uache usiku kucha ukiwa umesimama ncha chini. Kikikaa upande, kigumba kinachezacheza na hutajua kwa nini mishale miwili kati ya sita haitii.
Kisha pima kitovu cha uzito: sawazisha mshale juu ya ukingo wa kisu, pima kutoka kwenye mkato unaoingia uzi hadi hapo. Toa nusu ya urefu wa uti, gawa kwa urefu wote. Kati ya asilimia 10 na 15 inatosha.

KasiKwanza
Yaani jibu ni 450. Siku mbili za matusi kwa ajili ya 450.

Kigumba_Kizito
467. Soma vizuri. Aweke ya 125.

KasiKwanza
442. Aweke ya 100.

FundiUzi
Kijana, kabla hujanunua: inchi 28 ni mvuto wako au ni urefu wa mshale? Na kikalio chako kinashika mshale mbele au nyuma ya mkono?

Podo_Jipya
Mvuto. Mshale ni inchi 29 na nusu, sikukata.

FundiUzi
Basi futa hesabu yote, tuanze upya.