Sauti ipunguzwe kwenye simu au kwenye amplifaya? Na priampu, kile kifaa cha kukuza sauti hafifu kabla haijafika kwenye amplifaya, tunaihitaji kweli?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Fundi wangu anashikilia kwamba simu iwekwe nusu, amplifaya ndiyo ifunguliwe, eti ukiijaza simu unaua spika. Mimi napinga. Chanzo kiwe juu, upunguzie kwenye amplifaya.

Kila kifaa kina mvumo wake wa ndani. Simu ikiwa chini, amplifaya inalazimika kukuza muziki hafifu pamoja na mvumo huo. Kwetu usiku mmoja simu ilikuwa vijiti vitatu, amplifaya imefunguliwa karibu mwisho, ile "shhh" inasikika hadi jikoni. Mdogo wangu akahamishia king'amuzi bila kugusa volyumu. Sauti ikalipuka, mtoto akaamka analia, na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kushoto haijalia tena mpaka leo. Simu iliyojaa haikuhusika hapo. Kilichoiua ni ile volyumu iliyoachwa wazi.

Na kuna hesabu yake. CD ina biti 16, yaani tarakimu zinazohifadhi kila kipimo cha sauti. Ukishusha sauti kwa dijitali, kila desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinakula biti moja. Shusha desibeli 24, umebaki na 12. Vifaa vya biti 24 vina nafasi kubwa, havidhuriki kirahisi hivyo, ila ile "shhh" ya amplifaya haiendi popote.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, simu yangu nikiijaza besi inapasuka kabisa, hata amplifaya ikiwa chini. Fundi ana hoja.

MLETA MADA: Hapo nakubali. Umeongeza besi kwenye ikwalaiza ya simu? Izime kwanza. Ikiendelea kupasuka, shusha kijiti kimoja au viwili, usiteremke hadi nusu.

MCHANGIAJI WA PILI: Mnahangaika bure. Tatizo mmeruka priampu. Bila priampu muziki hauna nguvu, nunueni boksi lake mtaona tofauti.

MLETA MADA: Ndugu yangu, hili ndilo linalowamalizia watu hela. Deki ya CD kwa kawaida inatoa volti 2 ikifika juu. Pawa nyingi, yaani amplifaya za kusukuma spika, zinahitaji volti 1 au zaidi kidogo kufika mwisho wa nguvu zake. Sasa unakuza nini? Ukizidisha mara kumi, utaishia kuchezesha volyumu pale mwanzoni tu, na ndipo volyumu nyingi za kuzungusha hazilingani kulia na kushoto. Mwimbaji anahamia upande mmoja, unadhani spika mbovu.

Santuri ndizo zinazoihitaji kweli. Sindano ya kawaida ya sumaku inatoa kama milivolti 5, na wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa na trebo (sauti nyembamba za juu) huongezwa, kwa mpangilio wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, uliotumika tangu 1954. Mzee alichomeka santuri zake moja kwa moja nyuma ya amplifaya, kwenye tundu la CD. Ukasikika muziki mwembamba wa mbali, kama redio iliyofungiwa kabatini. Akahuzunika, akidhani zimeharibika. Tulipoweka priampu ya santuri, inayorudisha besi iliyopunguzwa, gitaa la besi likarudi, naye akakaa kitini bila kusema neno mpaka upande ukaisha.

MCHANGIAJI WA TATU: Mimi natumia boksi lenye volyumu tu, halichomekwi hata umeme. Safi sana.

MLETA MADA: Linafaa, mradi waya wa kwenda kwenye pawa uwe mfupi, mita moja hivi. Volyumu ya kiloomu 100 (ukinzani wake wa umeme) na waya wa mita tano, trebo inaliwa. Chukua ya kiloomu 10.

Kwa anayebaki na amplifaya moja na vyanzo vitatu: cheza kila kimoja, ulinganishe sauti zao kwenye vyanzo vyenyewe, kisha rimoti ya king'amuzi usiiguse tena kwa sauti. Kwetu tumefanya hivyo. Waliokaa na fundi upande wa pili, leteni hoja, nitazipima hapa hapa sebuleni.