Haibridi au petroli tupu kwa sisi wa Kigoma? Tulinganishe kwa haki

Mwanzisha mada, Mwanga

Wakuu, ubishi huu umenichosha. Huyu anakwambia haibridi (gari la injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) hainywi mafuta kabisa, yule anakwambia ni mtego, betri ikifa umebaki na banda la kuku. Wote wanalinganisha vitu visivyolingana. Mwenye Toyota Aqua ya 2014, haibridi, anajipima na IST ya petroli ya 2004 iliyokwisha kufunguliwa injini, halafu anashangilia. Mwenye IST naye anataja bei aliyouziwa na jirani, anaiweka mbele ya bei ya Aqua iliyotolewa bandarini juzi na ushuru wake wote.

Kama tunataka haki, tuchukue gari la umbo moja. Toyota walianza kuuza Corolla Fielder ya haibridi mwaka 2013, injini CC 1500, na Fielder ya petroli tupu ya CC 1500 ipo vilevile. Mwaka uwe mmoja, kilomita zikaribiane, na daraja la vifaa liwe moja. Hilo la daraja watu wanaliruka. Haibridi yenye rimu za aloi na taa za LED ukiiweka mbele ya petroli ya daraja la chini, sehemu ya pesa unayoilaumu betri imeenda kwenye rimu. Na kwa kuwa ushuru wa forodha (asilimia 25) na VAT (asilimia 18) vinatozwa kwa thamani ya gari, tofauti ndogo ya bei kule Japani inavimba ikifika Dar. Kwa hiyo tofauti ya kuhesabu ni ile ya gari lililokwishafika mkononi, lina namba.

Na tafadhali tusiletewe namba za vipeperushi. Aqua ilitangazwa Japani kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Hicho ni kipimo cha maabara. Hakuna mlima wa kutoka bandarini kupanda Mwanga kwenye ile maabara, wala abiria wanne nyuma.

Tuweke namba za kudhania, kila mtu abadilishe zake. Haibridi imezidi kwa milioni 3. Lita ni shilingi 3,000 (EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na sisi huku mafuta yakishasafirishwa tunalipa zaidi ya Dar, jambo ambalo kwa kweli linaibeba haibridi). Mjini petroli tupu iende kilomita 13 kwa lita, haibridi 20. Petroli inakula kama shilingi 231 kwa kilomita, haibridi 150. Unaokoa 81. Gawanya milioni 3 kwa 81, unapata kilomita 37,000 hivi kabla tofauti ya bei haijarudi. Hapo ndipo swali linapoanza: wewe unatembea kilomita ngapi?

Mwalimu, Katubuka

Nyumbani, shuleni, Jumapili kanisani. Mwezi ukiwa mkubwa sana kilomita 500. Hizo 37,000 nitazimaliza nikiwa nakaribia kustaafu.

Mwanzisha mada, Mwanga

Miaka sita na kitu, mwalimu. Kwako petroli tupu, usisumbuke. Tena pesa uliyobakiza itakununulia matairi mazuri.

Dereva wa mchomoko, Kigoma–Kasulu

Dada yangu, hesabu nzuri ila ni ya mjini. Mimi nabeba abiria kwa gari dogo; nikitoka Mwandiga ni lami, mwendo mmoja, nasimama tu kushusha na kupakia. Mwenzangu mmoja alileta haibridi akijua atatajirika. Mafuta anaokoa, sikatai, lakini si kama alivyoambiwa. Na milima ya huku je? Nikishuka si betri inajaa bure?

Mwanzisha mada, Mwanga

Kaka, umegusa penyewe. Haibridi inaokoa kwa njia kubwa mbili: inazima injini ukisimama au ukienda taratibu, na inarudisha umeme unapokanyaga breki. Foleni ya sokoni ndiyo shamba lake. Kwenye lami mwendo mmoja hakuna breki ya kuvuna, injini inafanya kazi karibu muda wote. Mteremko unajaza betri kweli, ila betri yenyewe ni ndogo: ya Aqua haifiki hata uniti moja ya LUKU. Mteremko mrefu unaijaza kabla hujafika chini, kinachobaki kinapotea. (Na kwa wanaouliza kila siku: hapana, hizi hazichomekwi ukutani. TANESCO haimo.)

Kwa njia yako tuseme petroli tupu 16, haibridi 21. Unaokoa kama shilingi 45 kwa kilomita. Milioni 3 inarudi baada ya kilomita 67,000 hivi. Ukipiga 150 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni miezi kumi na nane. Si mbaya. Ila bado hatujaitaja gharama ya betri.

Fundi, Gungu

Niitaje mimi. Watu wanakuja hapa na taa imewaka kwenye dashibodi, wanasema betri imekufa, niagizie nyingine. Nafungua kwanza. Aqua betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu pale chini kitini. Ukiitoa ile feni gari likiwa limeshinda barabara za vumbi, mapanga yamevaa udongo mwekundu na nyuzi za kitenge, hayazunguki vizuri hata moja. Betri inachemka, inachoka kabla ya wakati. Sasa mchomoko: abiria wamebanana, chini kuna dumu la mawese, pembeni mfuko wa dagaa, umeegemea pale pale kwenye tundu. Halafu unasema Wajapani wametuuzia takataka.

Betri ya Aqua ni vipande 20. Kimoja kikichoka wapo wanaobadilisha hicho kimoja, gari linatembea, baada ya miezi kinaanguka cha pili kwa sababu vyote ni rika moja. Mimi sipendi kazi hiyo, mteja anarudi analalamika. Seti nzima inaagizwa kutoka mbali, unaisubiri, na mchomoko uliolala hauingizi hesabu ya tajiri. Hiyo siku ya kulala mbona hamuiandiki?

Ila nitende haki pande zote. Haibridi haina stata wala altaneta ya kuharibika. Pedi za breki zinakaa muda mrefu kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi. Gia yake haina mkanda kama gia ya CVT ya gari la petroli. Kwa hiyo anayehesabu betri peke yake asihesabu nusu.

Na waya za rangi ya chungwa, zenye umeme mkubwa, msiziguse. Vijana wa gereji za barabarani wananiogopesha.

Mwanzisha mada, Mwanga

Fundi kasema la maana kuliko sote. Tukiongeza milioni 2 ya betri juu ya ile tofauti, dereva wa Kasulu anahitaji kilomita 111,000, yaani karibu miaka miwili na nusu bila kulala. Teksi ya mjini inahitaji kama 62,000. Lakini hiyo betri muihesabu pale tu mnaponunua gari la umri wa kuichosha. Ukiipata iliyobadilishwa kwa ushahidi, hesabu inageuka. Na siku ya kuuza, huku kwetu mnunuzi akisikia haibridi anashusha bei kwa hofu tu. Hiyo nayo ni gharama, hata kama hofu haina msingi.

Mchangiaji, Tabora

Mnahesabu mifukoni mwenu tu. Mafuta tunayaagiza nje kwa dola. Anayetumia pungufu anaisaidia nchi. Kwa nini haibridi isipewe nafuu kubwa ya ushuru ili tofauti hiyo ya milioni 3 ife, mwalimu naye anunue?

Mwanzisha mada, Mwanga

Ndugu yangu wa Tabora, hapo sikubaliani nawe, au tuseme nakubali nusu. Kumbuka mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, fidia yake ikawekwa kwenye mafuta, ushuru ukapanda shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo barabara tunailipia sheli. Haibridi inakanyaga lami ileile, inachakaza vilevile, ila inachangia pungufu kwa kila kilomita. Tayari ina nafuu, isipokuwa haijaandikwa popote. Ukiiongezea na nafuu ya bandarini, mwenye Noah ya zamani, ambaye ndiye hana pesa ya kubadilisha gari, anabaki kubeba barabara ya mwenye haibridi. Hoja ya dola naielewa. Lakini mwalimu wa Katubuka hata ukimpa haibridi kwa bei ya petroli ataokoa vilita vichache kwa mwezi. Kama nafuu lazima itolewe, ianze na teksi za mjini na daladala ndogo, zinazokunywa kila siku.

Mchangiaji, Tabora

Teksi utaitambuaje bandarini? Akishasajili ataandika biashara, kesho yuko nayo harusini. Bado nasema ushuru wa jumla ndiyo njia rahisi.

Mwanzisha mada, Mwanga

Rahisi kwa karani, sawa. Kwa Mfuko wa Barabara si rahisi. Tumebishana, wengine wachangie.

Dereva wa mchomoko, Kigoma–Kasulu

Mimi nabaki na petroli, dada. Ila mdogo wangu anapiga teksi Mwanga–Ujiji, kutwa simama-ondoka, kaona Aqua moja inauzwa. Nimwambie achukue?

Fundi, Gungu

Aje nayo hapa kabla hajatoa hata shilingi. Nafungua kiti cha nyuma bure, mashine ya kupimia betri analipa.